Papa Kidevu Alivyonifundisha Kuchora Watu

Vijana wangu, kila mara munaniuliza nilisomea wapi kazi ya kuchora sura za watu. Nikiwajibu kwamba nilifundishwa na mufalme mumoja wa Wazungu, mutu wa zamani sana, mwenye uso mweupe kama maziwa na kidevu kirefu kama mupini, munacheka na kusema Mama Mauwa amezeeka. Chekeni tu. Lakini njo kweli, ndiyo kweli yenyewe. Burashi nimeiweka chini kwa sababu macho yangu hayataki tena kazi ya karibu, ila kinywa kingali na nguvu, na mambo haya nikiyakumbuka moyo unaruka kama samaki aliyetupwa ndani ya mutumbwi. Kwa hiyo kaeni vizuri, na zile telefone mufunike kidogo.

Kabla ya mufalme kulikuwa Papa Ngoie. Huyu alikuwa fundi wa herufi. Maisha yake yote aliandika namba na majina kwenye mabehewa, kule kwenye karakana ya gari la moshi, na alipopumzishwa akafungua kibanda cha kuandika vibao vya maduka, hapa hapa Kalemie, karibu na njia inayoteremka bandarini. Mimi nilikuwa muke wa nyumba mwenye mukono mwepesi. Nilienda kwake kumuomba anifundishe, naye akaniangalia vidole, si uso.

"Unashika kijiko hivyo?" akaniuliza, akiangalia nilivyoshika burashi.

"Ndiyo, Papa."

"Basi utakula rangi. Shika kama unashika ndege: asiruke, asife."

Alinifundisha kuvuta mustari kwa bega, si kwa vidole. Alinifundisha kutoa pumzi polepole wakati burashi inatembea, maana ukiziba pumzi mukono unatetemeka. Mpaka leo ninyi munachora mustari kwa kifundo cha mukono, mustari unapinda, munalaumu ubao. Ubao hauna kosa. Vuteni kwa bega.

Sasa, siku moja kinyozi wa upande wa soko akataka kibao. Herufi peke yake hakutaka. Alitaka kichwa cha kijana aliyenyolewa vizuri, kichwa kikubwa, watu wakione toka mbali. Mimi nikasema nitaweza. Nilichora kwa furaha sana, nikapaka, nikapeleka. Nyuma ya siku chache kinyozi akarudi na kibao chake kwapani.

"Mama Mauwa," akasema kwa heshima, "kazi ni nzuri, sikatai. Lakini watu wakipita wanafanya alama ya musalaba. Wananiuliza ni ndugu yangu gani aliyekufa maji."

Nikakitazama kile kibao. Kweli, macho mawili ya migebuka, wale samaki wetu, yamekaa pembeni ya kichwa kama yanaangalia milango miwili. Papa Ngoie alicheka mpaka akaegemea ukuta. Halafu akafuta machozi, akasema neno ambalo mafundi wengi hawalisemi: "Mauwa, uso siujui. Herufi ninajua, uso hapana. Nikikudanganya nitakuharibisha. Tafuta mwalimu mwingine."

Mwalimu mwingine angetoka wapi? Lakini alikuja, na alikuja amekunjwa kama mukeka.

Kulikuwa na Sista mumoja mugeni aliyekuwa anarudi kwao kwa uzee. Nilikuwa nimemuandikia maneno ya ukutani kwenye madarasa yake. Siku ya kufunga mizigo alinipa karatasi moja kubwa, nene, iliyochapwa vizuri, na rangi zake zote zimekaa. Picha ya tablo ya zamani, muchoro wa rangi. Akanieleza kwamba yule ni mufalme wa Hispania wa zama za kale, na aliyemuchora alikuwa mukubwa wa wachoraji, akiishi kwenye nyumba ya huyo mufalme na kumuchora tena na tena toka ujana mpaka uzee. "Kwetu wanaojifunza wanakaa mbele ya tablo zake na kukopia," akasema. "Wewe huwezi kufika kule. Basi yeye akae kwako."

Nilipoikunjua nyumbani, nilikata tamaa. Mufalme gani huyu? Hana taji. Hana kiti. Hana ngozi ya chui wala mutu wa kumupepea. Amevaa nyeusi tupu kama muhubiri, kola nyeupe shingoni, karatasi kwenye mukono mumoja, mukono mwingine umelala juu ya meza. Lakini nikaipigilia ukutani ndani ya atelie yangu, kile chumba changu cha kazi, na hapo nikaona ajabu: kila muteja aliyeingia alipunguza sauti. Hata mama mumoja muuza ndagala, wale samaki wadogo, ambaye tulikuwa tunamusikia toka barabarani, aliingia akanong'ona, "Mama Mauwa, huyu ni nani?"

Alifanyaje, huyo muchoraji? Alifanyaje mutu awe mufalme bila taji? Lile swali lilinishika kama homa. Nilikuwa nikipika ninaliwaza, nikifua ninaliwaza.

Si wote walionong'ona. Papa Asani, jirani yangu mutengeneza baiskeli, aliingia amekasirika, mafuta ya munyororo mikononi.

"Mauwa! Kwa nini unamutundika mufalme wa Wabeleji ndani ya nyumba? Babu yangu alibebeshwa mizigo na watu wake mpaka akavunjika mugongo!"

"Papa Asani, si yeye. Huyu ni wa inchi ingine, wa zamani kupita yule. Ni muchoraji ninamutaka, si mufalme."

Akasimama mbele ya picha muda murefu, mikono nyuma. Mwisho akasema, "Wafalme wote wanafanana." Akatoka. Kesho yake akarudi kuangalia tena, kesho kutwa tena, na yeye njo aliyemupa jina. "Papa Kidevu ameamukaje leo?" alikuwa anauliza mulangoni. Jina likaenea mutaa muzima.

Basi nikaanza kukopia. Kitambaa nilitumia mufuko wa unga wa ngano, ule wa pamba, nikaufua mpaka maandishi yakapotea, nikauvuta juu ya mbao nne, nikaupaka uji wa muhogo uliochujwa, nikaacha ukauke, ndipo nikapaka rangi nyeupe ya ukuta. Hilo mulishike: uji uwe mwepesi kama maji ya wali. Ukiwa muzito, kitambaa kikikunjwa kinapasuka na uso wa mutu unapasuka nacho.

Kopi yangu ya kwanza! Nilichora jicho kama ninavyojua jicho, pua kama ninavyojua pua, nikaweka kidevu. Papa Ngoie akaja na fimbo yake, akaangalia picha ya ukutani, akaangalia yangu.

"Huyu ni mufalme," akasema, akionyesha ukutani. "Na huyu ni mbuzi wa mufalme?"

Nilitaka kulia. Yeye akavuta kiti. "Ngoja. Uso siujui, lakini ninajua kitu kimoja. Kule karakana wakitaka alama kubwa kwenye behewa, nilikuwa ninafanya visanduku." Tukapigilia misumari midogo kuzunguka picha, tukavuta uzi wa kushonea wavu, juu chini, kushoto kuume, mpaka Papa Kidevu akawa kama mufungwa nyuma ya dirisha. Kwenye kitambaa changu tukapiga visanduku vilevile kwa makala, ule mukaa wa kupikia.

"Sasa," akasema, "usichore pua. Ni marufuku. Chora kilicho ndani ya kisanduku hiki. Kukiwa na mustari unaopita pembeni, weka mustari pembeni. Usiulize ni wa nini."

Ikasaidia. Mbuzi akaondoka, akaja mutu. Lakini alikuwa bado na uso wa mutu ninayemujua mimi kichwani, macho makubwa mno, mudomo wa kibao cha saluni. Papa Ngoie akaenda zake, akarudi siku nyingine, akaondoa picha ukutani, akaigeuza, miguu juu, kichwa chini.

"Papa! Unafanya nini?"

"Ninafanya kama nilivyofanyaka na herufi. Nikimaliza jina, ninaligeuza juu chini. Kwani ukisoma neno, hauoni tena herufi. Unasoma tu, unapita. Ukiligeuza, unaona A imelala, unaona O ina tumbo. Wewe uso unausoma, Mauwa. Acha kusoma."

Nikageuza na kitambaa changu. Nikachora vitu ambavyo sikujua ni vitu gani: doa moja jeupe kama jani, kivuli kimoja kama ufunguo, mupinda mumoja kama muto wa Lukuga unavyotoka ziwani. Nilichora muchana kutwa, sikula. Kabla ya jua kushuka nikashika kitambaa kwa pembe mbili, nikakigeuza.

Akaniangalia! Papa Kidevu mwenyewe, na mudomo wake muzito, na macho yake ya usingizi, akaniangalia toka kwenye mufuko wa unga! Nilipiga kelele. Mume wangu Amisi, ambaye alikuwa anaoga, akatoka mbio amefunga kikwembe changu kiunoni, fimbo mukononi.

"Nyoka iko wapi?"

"Hapana nyoka, Amisi! Ona! Ona mwenyewe!"

Akaona. Akaweka fimbo chini. "Ee Mungu," akasema, "sasa wako wawili."

Vijana, ile furaha ya siku ile sijapata ya kuilinganisha nayo, hata siku ya harusi, na Amisi anajua, nilimuambia. Hakukasirika. Alikuwa na kikwembe changu bado.

Munafikiri nilikuwa nimemaliza? Hata. Zile zilikuwa bado mistari, na mistari haina damu. Nilipoanza kupaka, nikafungua mukebe wa rangi nyeusi na kupaka nguo yake yote nyeusi. Ikawa shimo. Kichwa kinaelea juu ya shimo. Nikasema labda nyeusi ya mukebe ni mubaya, nikatafuta nyingine iliyotoka Kigoma kwa boti. Shimo tena.

Asubuhi moja nikatoa picha nje mulangoni, mahali mwangaza wa ziwa unapoingia bila joto, nikaiangalia nguo ile kwa karibu, karibu ya kuinusa. Na haikuwa nyeusi! Kulikuwa rangi ya udongo mwekundu penye bega. Kulikuwa kijani cha chupa kwenye mukunjo. Kulikuwa bluu, bluu nyingi, chini ya mukono. Nyeusi yenyewe ilikuwa kidogo tu, pale nguo inapokunjwa ndani kabisa, kama chumvi kwenye mboga. Nikachanganya udongo na bluu nzito, bila kugusa mukebe mweusi, nikapata giza lenye uhai. Nikapaka. Mufalme akapata mwili ndani ya nguo zake, akapata kifua, nikaona anapumua.

Lakini sikilizeni kilichofuata, maana hapa njo pale mufalme wa Wazungu alinipa kitu ambacho hakujua anatoa. Sisi wote waandika vibao, ngozi ya watu wetu tulikuwa tunaipaka rangi ya udongo, na kivuli tunaongeza nyeusi. Watu wetu walitoka kama majivu, kama wagonjwa, na tulizoea, tulifikiri burashi haiwezi zaidi ya pale. Siku ile, nikiwa na ile nguo mbele yangu, nikajiuliza: kama nguo yake nyeusi haina nyeusi, ngozi yangu itakuwa na nini?

Nikanyoosha mukono wangu juani, nikauangalia. Halafu nikashindwa kukaa, nikateremka bandarini nikienda kama mwenye kuitwa. Boti ilikuwa inapakuliwa. Wabeba mizigo walikuwa wanapanda na kushuka na mifuko ya simenti, wanang'aa kwa jasho, na mimi nikasimama njiani kwao, nikitumbua macho.

"Mama," mumoja akaniambia, kijana mwenye kifua kipana, "unatafuta bwana?"

"Ninatafuta bluu."

"Bluu iko wapi hapa?"

"Kwenye paji la uso wako! Usisogee! Mbingu imekaa juu ya paji lako, na chini ya kidevu kuna nyekundu, ni jua linalorudi toka kwenye udongo. Ee, na kwenye shavu kuna rangi ya divai!"

Wenzake walicheka hata mufuko mumoja ukaanguka, na toka siku ile bandarini jina langu likawa Mama Bluu. Sikujali. Nilirudi nyumbani nikamuchora Amisi. Nilitumia bluu, nyekundu ya matofali, manjano kidogo, kijani chini ya jicho. Papa Asani alipochungulia akasema tu, "Huyu anaweza kuomba maji." Njo hivyo nilivyojua nimefika.

Hapo wateja wakaja. Nilichora wachungaji, nilichora wafanyabiashara wa Kongolo na Kabalo, nilichora maharusi wanaotaka kuwa wembamba kupita vile Mungu alivyowaumba. Nilikuwa ninachora kwa foto, na kazi ilikuwa inatembea vizuri. Nilifikiri ninajua kazi. Mpaka alipokuja Mama Kalunga.

Huyu alikuwa mama muzee, murefu, amevaa kikwembe safi kilichofuliwa mara nyingi, na fimbo yake. Alikuwa ametembea toka Katanika, kule wakimbizi wa vita walikojenga vibanda vyao. Alikuwa dada wa mulohwe, ndiyo kusema mufalme wa kwao, mutu wa upande wa Nyunzu. Ndugu yake alikufa kabla ya vita. Vita ilipokuja walikimbia, nyumba ikaungua, na ndani ya nyumba iliungua foto moja tu iliyokuwapo ya yule mulohwe.

"Sasa wanasema njia imepona," akaniambia. "Tunajitayarisha kurudi. Watoto waliozaliwa hapa hawamujui. Tutawaambia hii ni inchi ya nani?"

"Mama, bila foto mimi sichori."

Akaangalia mikono yake, akasema polepole: "Mimi mwenyewe ninaanza kumusahau. Asubuhi ninaamuka, ninatafuta uso wake. Ninapata sauti peke yake. Na sauti nayo inaenda."

Mungefanya nini? Nikafunga rangi zangu nikaenda naye Katanika.

Kwenye kiwanja cha kibanda chao nikakuta Faida, binti ya marehemu, na Kitenge, mupwa wake, kijana mwenye sauti kubwa. Nikaanza kuuliza kama polisi. Pua yake? "Ndefu," akasema Kitenge. "Pana," akasema Faida. Masikio? "Kama yangu," akasema Kitenge. "Wewe masikio yako ni ya baba yako!" Mashavu? Hapo karibu wapigane. Nikachukua paji kwa Mama Kalunga, kwa kuwa wote walikubali, nikachukua mudomo kwa Faida, masikio kwa Kitenge, nikarudi kwangu nikaunganisha. Nikamusimamisha kama Papa Kidevu, mukono juu ya meza, nguo nzuri, giza lenye uhai nyuma yake. Nilijivuna sana nikiipeleka.

Wakaitazama. Faida akasema kwa upole, "Ni tablo muzuri, Mama."

"Ni mufalme," akasema Kitenge. "Hilo sikatai."

Mama Kalunga aliikaribia, akaigusa pembeni kwa kidole kimoja, akarudi akaketi. "Si yeye," akasema.

Nilibeba ile tablo kurudi, nimeigeuza ndani, sitaki watu waione. Kwenye atelie nikavuta kiti mbele ya Papa Kidevu. Nilikuwa nimemukopia toka ujana wangu. Nilijua kila doa. Nikamuangalia kwa hasira: wewe, unanifundisha nini tena? Na nilivyokaa pale bila burashi, bila visanduku, bila kumugeuza juu chini, nikaona kitu ambacho miaka yote mukono wangu ulikuwa unakichora na mimi sikukiona.

Yule mufalme ana haya!

Muangalieni muone. Uzito wake wote uko juu ya muguu mumoja. Mukono ule wa juu ya meza hautawali kitu, umeshikilia tu meza ili usitetemeke. Karatasi ameishika kama mutoto aliyetumwa. Ni kijana anayetaka kuwa mahali pengine, na anasimama, kwa sababu lazima mutu asimame pale. Njo hiyo ilikuwa inawafanya watu wangu wapunguze sauti. Muchoraji wake hakuchora pua na kidevu. Alichora namna ile moja ambayo mutu huyu, peke yake duniani, alikuwa anasimama. Na mimi nikamuchukua mulohwe wa watu, nikamusimamisha kwa miguu ya mwingine!

Kulipokucha nilikuwa tayari njiani kwenda Katanika, makala mufukoni, karatasi kwapani. Niliingia kiwanjani bila hata kusalimia vizuri, mutanisamehe.

"Niambieni kitu kimoja. Wakati watu wanaleta mashauri yao, mulohwe alikuwa anaketi namna gani?"

"Alikuwa ananyooka, kama chifu," akaanza Kitenge.

"Hapana, alikuwa anaegemea," akasema Faida, kisu cha kumenya muhogo mukononi. "Alikuwa..."

Mama Kalunga akainuka. Aliweka fimbo yake chini, akaenda kwenye kile kiti cha plastiki kilichokuwa karibu na mulango, akaketi. Lakini hakuketi kama mama muzee. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Bega la kushoto likashuka, zito, kama lililoumizwa zamani. Kidevu kikaingia kifuani, macho yakafumbwa nusu, hata ungefikiri amelala. Kidole gumba kikaanza kusugua kifundo cha kidole cha pili, polepole, polepole. Na kichwa kikageuka kidogo, kikaleta sikio mbele, kama mutu anayesikiliza si maneno yako bali yale unayoyaficha.

Kitenge akakata neno katikati. Faida akasimama, akavuta kikwembe chake chini ya magoti kama musichana aliyekutwa anacheza.

Mimi sikusema "usisogee". Nilikuwa tayari ninachora! Makala yalikuwa yanakimbia, nilivuta kwa bega, nilivuta kwa mwili muzima, vumbi jeusi mpaka puani, na nilikuwa ninalia na kucheka, kwa sababu mutu alikuwa anakuja, anakuja, sikumujua na nilikuwa ninamuona. Sikuuliza tena habari ya pua. Pua ilijiweka yenyewe. Mama Kalunga alikaa vile mpaka nikamaliza, na alipoinuka akatafuta fimbo yake, akawa tena mama muzee.

Rangi nilizipaka nyumbani. Bluu kwenye paji, nyekundu ya matofali chini ya kidevu, na bega lile lililoshuka. Nilimuwekea kiti cha plastiki, ndiyo. Kitenge alitaka kiti cha ufalme, nikakataa. Anayeketi vile hahitaji kiti kingine.

Siku nilipoipeleka tuliitundika ndani ya kibanda, kwenye muti unaoshikilia paa. Kabla hatujasema kitu, nje kukabishwa hodi. Alikuwa Papa Mukalay, muzee mumoja mwembamba aliyekuwa mujumbe wa mulohwe, mutu aliyekuwa anazunguka vijiji na kuleta maneno. Alikuwa amekuja kuuliza tu siku ya safari. Hakuna aliyemuambia habari ya tablo. Mulango ni mufupi, akaingia ameinama, akainua kichwa.

Kofia ikatoka kichwani. Magoti yakaenda chini. Akapiga makofi ya heshima, viganja vimekunjwa, mapigo mazito ya polepole, halafu akaanza kusema, akiangalia chini, kwa sauti ya mutu anayeleta habari zilizochelewa.

"Mulohwe, tulipita njia ya mutoni. Watu wa upande wa juu walifika wote. Watu wa kwa Kisimba hawakufika. Mbegu tulibeba kidogo, mvua ikaziharibu, tukapata zingine. Watoto wamezaliwa, ni wengi, wanasema maneno ya hapa mujini, lakini watajifunza. Muke wangu tulimuzika njiani. Ngoma yako kubwa nilishindwa kuibeba. Nilijaribu."

Akabaki magotini, kichwa chini, maana kwao mutu hainuki mpaka aruhusiwe. Faida alikuwa ameziba mudomo. Kitenge aliniangalia mimi, kana kwamba mimi niliyeileta ile sura nitajua cha kufanya, na mimi nilikuwa nimesimama pale na kitambaa cha rangi mukononi, sijui niondoke ama nami nipige magoti.

Mama Kalunga akasogea, akasimama pembeni ya tablo, upande ule ambao sikio la mulohwe limeelekea. Akangoja kidogo, kama mutu anayepokea neno.

"Amesikia, Papa Mukalay," akasema. "Anasema uinuke. Anasema ngoma tutachonga ingine."